Mahari pa Edah

Maneno niliyoyataka kwenye bango langu yalikuwa matatu tu: Mahali pa Edah. Mtu anayepita barabarani kwa haraka angeyasoma akayaelewa. Kosa langu lilikuwa kumtuma baba.

Alhamisi hiyo nilikuwa nimewasha moto wa maganda ya maharagwe nyuma ya kibanda changu hapa Lurambi, na moto wa aina hiyo hauachwi. Ukigeuka kidogo upepo unapeperusha majivu, na majivu ndiyo biashara yenyewe. Mimi natengeneza munyu, ile chumvi ya maji ya kienyeji inayolainisha mboga za majani kama mrenda na kunde. Unachoma maganda, unajaza majivu kwenye chungu chenye matundu chini, unamwagia maji juu, halafu unangoja yadondoke tone moja moja, yakiwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Basi nikamwomba baba, Mzee Osundwa, apitie kwa Tevin, fundi wa mabango, amtajie yale maneno matatu. Baba alifurahi kutumwa. Tangu aache kulima miwa anatafuta tu sababu ya kutoka nyumbani. Akaenda, akasema, akarudi, akaniambia mambo yako sawa.

Nilisahau kitu ambacho nimekijua tangu nijue kusikia. Baba yangu hatofautishi l na r. Mchele kwake ni mchere, barua ni balua, na ukimsahihisha anakuuliza kwani wewe umesikia nini.

Jumamosi nilipofika kibandani saa mbili asubuhi, mboga zikiwa kichwani, Tevin alikuwa ameshapigilia bango juu ya mlango. Rangi nyekundu juu ya nyeupe, herufi kubwa, zimenyooka kabisa: MAHARI PA EDAH.

Niliweka mboga chini pole pole. Nikamuuliza Tevin kama ananitafutia bwana ama ananitafutia aibu. Akajitetea kwamba mzee alisema mahari, na kwamba yeye alimuuliza mara mbili. Hata alimwambia, "Mzee, inafaa kuwa mahari ya, si mahari pa," lakini mzee akamwambia aandike vile ameambiwa. Rangi nyeupe ya kufutia ilikuwa imemwishia, na ngazi yenyewe alikuwa ameiazima mahali. Angerudi mchana. Akaibeba ngazi yake akaenda, akaniacha chini ya tangazo la mahari yangu, barabara nzima ikisoma.

Na watu wa Lurambi wanajua kusoma wakitaka. Mama mmoja aliyekuwa akienda kusaga mahindi alisimama akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayekagua. Mwendesha boda akazima pikipiki, akauliza foleni inaanzia wapi. Nilimwambia inaanzia kwao nyumbani, arudi akamwulize mamake. Nilicheka nao, ningefanya nini? Lakini moyoni sikuwa nacheka, kwa sababu siku hiyo ndiyo Kipsang alikuwa aje kuchukua jibu lake.

Nampenda Kipsang. Naona niseme hivyo mapema, nisije nikaonekana nazungukazunguka. Yeye ni mwongoza wageni kule msituni, Isecheno. Tulikutana miaka mitatu iliyopita, nikiwa bado karani wa mizani kwenye kiwanda cha sukari, siku tulipoenda kutembea huko na wenzangu wa kazi. Alituonyesha ndege mmoja wa buluu juu kabisa ya mti, na mimi nikamuuliza ndege huyo ana faida gani. Wenzangu wakaona haya. Yeye akacheka taratibu, akaniambia hajawahi kuulizwa, ngoja afikirie. Alifikiria wiki nzima, kisha akanipigia simu kunijibu. Ni mtu wa namna hiyo. Ukimuuliza kitu, anakaa nacho.

Ndiyo maana neno lake la wiki mbili zilizopita liliniuma sana. Babake alifariki mwezi wa nne, na mama amebaki peke yake Lugari na shamba la mahindi. Kipsang anaacha kazi ya msitu arudi nyumbani. Tulikuwa tumeketi kwenye gogo karibu na ofisi ya msitu, akanishika mkono, akaniomba tuoane, nifunge kibanda, twende wote. Nilikuwa tayari kulia kwa furaha. Halafu nikamuuliza, na munyu je? Akasema, bila ubaya wowote, "Edah, si ni maji ya majivu tu?"

Niliutoa mkono wangu. Nikamwambia nipe wiki mbili.

Wiki mbili hizo sikulala vizuri. Si kwa sababu nilijua jibu. Ni kwa sababu sikujua. Ningekuwa na neno la kumjibu ningemjibu pale pale kwenye gogo. Lakini swali lake lilikuwa limepata lingine kama hilo likiwa tayari mfukoni mwangu. Jumanne jioni huwa naenda darasa la wafanyabiashara wapya kwenye ukumbi wa kanisa, na mwalimu wetu, Madamu Kageha, alikuwa ametupa karatasi yenye mstari mmoja wa kujaza: Nafanya biashara hii kwa sababu. Wenzangu wote walirudisha. Mimi niliandika "kujikimu," nikakata. Nikaandika "kujiajiri," nikakata. Nikaandika "kudumisha utamaduni," hiyo nikaikata mara mbili, maana niliiandika ili Madamu asifu. Akanirudishia karatasi ikiwa imejaa mikwaruzo, akaniambia, "Edah, wewe unajua chungu chako kinadondosha matone mangapi kwa saa, lakini hujui umekikalia kwa nini. Usiniletee jibu zuri. Niletee la kweli."

Kwa hivyo nilikuwa na watu wawili wa kujibu, na jibu sina. Nikifunga kibanda, nimpate Kipsang, ningekuwa nimefunga nini? Nisipofunga, nimkose, ningekuwa nimemkosa kwa ajili ya nini? Kama ni maji ya majivu tu, basi mimi ni mjinga wa mwisho hapa Kakamega.

Saa nne hivi akaingia msichana mmoja, shingo imeinama, leso imefungwa ndivyo sivyo. Nilikuwa nimemwona mara mbili akipita bila kuingia. Akaomba chupa moja. Nikampa. Hakuondoka. Akaigeuzageuza mkononi, akaangalia mlangoni kama kuna anayesikia, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo inawekwa kiasi gani.

Jina lake Chemutai. Ni wa Nandi, ameolewa hapa miezi sita sasa. Aliniambia yote akiwa bado amesimama. Kwao mrenda hawapiki hivi. Amekuwa akitia magadi ya dukani, inatoka chungu, na pale mezani hakuna anayemgombeza. Wanakula kimya tu. Mama mkwe anamaliza sahani, anasema asante, halafu shemeji zake wanaangaliana na kutabasamu. Alisema angependa kugombezwa kuliko kutabasamiwa. Kumuuliza mama mkwe hawezi, kwa sababu ataonekana miezi yote sita alikuwa anajifanya anajua.

Nilimvuta kigoda. Nikawasha jiko, nikabandika maji, nikamwonyesha. Munyu kidogo, hivi, kifuniko kimoja tu. Maji yakichemka ndipo mrenda unaingia na kunde kidogo, na usifunike, ukifunika unapoteza rangi. Ya kwanza alizidisha. Tukamwaga, tukaanza tena. Ya pili ikashuka laini, inavutika vizuri. Akaonja kwenye kiganja, akaonja tena. Halafu akasema, "Ni hii. Ndiyo hii mama mkwe anapikanga."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa leso, akacheka mwenyewe. Akaniuliza kama anaweza kurudi kesho na swali lingine. Nikamwambia hata matano. Alipotoka akasoma bango juu ya kichwa chake, akaona haya kwa niaba yangu, akaenda.

Nilibaki nimeketi na sufuria ya mrenda mbele yangu. Nikamkumbuka kukhu, mama yake baba, mwenye chungu hiki. Nilipokuwa mdogo nilimharibia majivu mara tatu mfululizo. Mara moja niliyaacha yakanyeshewa. Kukhu alikuwa ananiambia, "Haya, anza tena," akaendelea kuchambua mboga zake. Hakunicheka hata siku moja. Alipofariki, wake wa baba zangu wadogo waligawana masufuria yake na hakuna aliyetaka chungu cha matundu. Nilikibeba mimi, nikidhani nakibeba kwa sababu ya huruma. Na nikaanza kuwahesabu kichwani wote waliowahi kuingia hapa wakanunua chupa moja na kusimama dakika kumi zaidi: yule mwalimu aliyelelewa Mombasa, yule kijana mjane anayewapikia watoto, yule mama wa makamo aliyenidanganya kwamba anamuulizia jirani. Hakuna aliyekuja kwa sababu ya chupa. Walikuja mahali ambapo mtu asiyejua anaweza kuuliza bila kuchekwa.

Niliitoa ile karatasi mfukoni, nikaandika maneno hayo hayo, na kidole chenye majivu kikaacha alama pembeni. Sikuyakata.

Kipsang alifika saa saba na pikapu ya kukodi. Nilimwona kabla hajaniona. Alishuka, akainua macho, akasoma bango langu neno kwa neno, na nikaona anasoma tena. Akaingia mlangoni, kofia mkononi, amekonda kidogo tangu nimwone, au labda ni macho yangu yaliyokuwa na njaa ya kumwona.

"Nimechelewa?" akauliza, akionyesha juu kwa kidole.

"Umechelewa wiki mbili," nikasema. Nilitaka isikike kwa ukali. Haikusikika hivyo.

Nikamweleza habari ya baba na Tevin, akacheka taratibu kama siku ile ya ndege. Kisha akaketi kwenye kigoda cha Chemutai na kicheko kikamwisha. Akaniambia kwamba ile chupa niliyompa mwezi wa sita alimpelekea mama yake bila kumwambia imetoka wapi. Mama akapikia mboga, akala, akamuuliza ni mwanamke gani mzee aliyechoma majivu haya, maana wa siku hizi hawangojei kitu. Mama huyu anajua majivu na makaa. Kibuyu chake cha mursik, maziwa yale ya kugandisha, anakisugua kwa makaa ya mti mmoja tu, na hakubali mtu mwingine akishike. Kipsang akamwambia aliyechoma si mzee.

"Halafu nikajaribu mwenyewe," akasema. "Baada ya kukuambia lile neno, nikaona nichome nione. Magunia mawili ya maganda. Upepo ukachukua nusu. Iliyobaki nikaimwagia maji, ikatoka tope. Mama alinicheka mpaka akashika ukuta." Akaniangalia. "Si maji ya majivu tu, Edah. Nilisema kitu nisichokijua. Nisamehe."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikamuuliza pikapu imebeba nini, ili nipate la kusema. Akasema maganda ya maharagwe, magunia kumi na moja. Kwao watu wakishapiga maharagwe wanayatupa kwenye mitaro, na mimi hapa nayagombania na ng'ombe wa watu.

"Umeyaleta ili nikubali?"

"Nimeyaleta kwa sababu kule yanatupwa na hapa unayatafuta. Kukubali ni kwako."

Basi nikamwambia. Nikamwambia nampenda na nataka kuolewa naye, na kwamba kibanda sifungi. Nikamsimulia Chemutai bila kumtaja jina. Nikampa karatasi, akaisoma kama alivyosoma bango, mara mbili. Nikamwambia nikiondoka hapa, munyu wataupata kwingine, lakini huyu wa kesho mwenye swali ataenda kuuliza wapi? Aliinamisha kichwa vile anavyofanya msituni akisikiliza ndege ambaye hajamwona bado. Sikumharakisha. Niliyasikia matone ya chungu nyuma yetu.

"Mimi siwezi kumwacha mama na shamba," akasema mwishowe.

"Najua."

"Na wewe huwezi kuacha hapa."

"Siwezi."

"Basi kutakuwa na wiki utakuja wewe, na kutakuwa na wiki nitakuja mimi. Mahindi hayakimbii. Na mama atataka chungu chake huko, nakuambia mapema, kwa hivyo utakuwa na wa kumfundisha." Akaangalia barabarani. "Watatusema."

"Watatusema," nikakubali. Akanishika mkono wenye majivu, na mara hii sikuutoa.

Tulikuwa tumeanza kushusha magunia ndipo tukamsikia baba. Mtu alikuwa amemwambia kule kwa kusaga kwamba bintiye ametangaza mahari barabarani, na akaja akiwa amevaa koti la kanisani, kwa haraka ambayo sijaiona tangu miwa. Alipofika akakuta mambo mawili kwa mpigo: bango, na mwanamume akishusha magunia chini yake. Kipsang alikimbilia kumsalimia kwa mikono miwili. Baba akaipokea salamu bila kuondoa macho kwenye magunia. Akafungua moja. Akaingiza mkono, akatoa maganda makavu, akayaangalia.

"Kijana," akasema polepole, "hii ndiyo umeletea msichana wangu?"

Kipsang akaanza kueleza na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozama. Ikabidi niingilie. Nikamketisha baba kando ya chungu, nikamwambia yote kwa mpangilio, kuanzia bango hadi Lugari. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika pale pa kuolewa huko na kufanya kazi huku. Hapo akaweka fimbo chini. Akasema hajawahi kusikia mwanamke anaolewanga Lugari anaishinga Lurambi. Watu watasema amerudishwa. Watasema mahindi ya huko yalimshinda. Yeye kama baba atawajibu nini?

"Utawaambia nina kazi hapa, Baba."

"Kazi gani? Kuuza chupa?"

Nikamsomea karatasi. Nilipomaliza hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa anakiangalia chungu. Akanyoosha mkono akagusa ukingo wake, pale penye ufa ambao kukhu aliuziba kwa nta.

"Hiki ni cha mama," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nilikivunja mimi hapa, nikiwa na miaka tisa. Nilijificha kwenye miwa siku nzima. Niliporudi aliniambia tu nimshikie nta." Akapangusa majivu kwenye vidole, akayapaka kwenye koti la kanisani bila kujua. "Hakunichekanga, yule mama."

Tevin akatokea wakati huo na ngazi yake na mkebe wa rangi. Baba akapata mtu wa kumgombeza. Akamuuliza kwa nini aliandika upuuzi juu ya mlango wa mtu. Tevin akasema, kwa heshima yote, kwamba mzee mwenyewe ndiye alisema mahari.

"Sikusema mahari," baba akasema. "Nilisema mahari."

"Ndiyo, mzee. Mahari."

"Siyo mahari. Mahari."

Tevin akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sufuria. Kipsang aligeuka akaanza kupanga magunia ambayo yalikuwa yamepangwa tayari, mabega yakimtetemeka.

Tevin alipoegemeza ngazi ukutani, baba akainua mkono. Akamwambia angoje kwanza, asifute kitu, wazee wanaongea. Akasimama, akaokota fimbo, akamwita Kipsang karibu. Akamtazama muda mrefu, macho, viatu, mikono iliyokwaruzwa na maganda. Kijana wa watu alisimama wima akatazamwa.

"Nenda umwambie mama yako aje, na wazee wenu," baba akasema. "Tutapika ingokho, kuku mzima. Tutaketi hapa hapa, si nyumbani, waone. Lakini wakuje wakijuanga kitu kimoja. Msichana wangu haendi bila mahari."

Akamgusa bega, akaondoka na fimbo yake, majivu yakiwa bado kwenye koti.

Kipsang akaniinamia, na nikasikia harufu ya msitu na ya mashamba ya Lugari kwa pamoja. "Amesema ipi?" akaninong'oneza. "Ya r ama ya l?"

Nilimwangalia baba akivuka barabara. Nimeishi na sauti hiyo miaka ishirini na minane.

"Njoo na zote mbili," nikamwambia.